Kufeli somo chuo kikuu Marekani na kulirudia chuo cha jamii: kinachofutika na kinachobaki

Mwanafunzi anayesoma chuo kikuu Tanzania au Kenya anapofeli somo, njia ya kujikwamua anaijua hata kabla matokeo hayajabandikwa. Kuna mtihani wa marudio, ambao wanafunzi wenyewe wanauita sapu. Anarudi kwenye madaftari yale yale, anafanya mtihani mmoja, na akifaulu anapewa gredi ambayo katika vyuo vingi vya Tanzania haipiti C, kisha anaendelea na wenzake. Ikishindikana analibeba somo hilo hadi mwaka unaofuata, na mzigo ukizidi kiwango anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Taratibu hizi ni kali, lakini zote zinafanyika ndani ya chuo kimoja, na matokeo yake yote yanaingia kwenye hesabu moja.

Marekani mambo yamepangwa kwa namna nyingine, na vijana wengi wa kwetu wanaosoma huko, pamoja na wazazi wanaowalipia karo kutoka nyumbani, huchelewa kulitambua hilo. Kwa kawaida hakuna sapu. Aliyepata F analirudia somo zima, kuanzia mhadhara wa kwanza hadi mtihani wa mwisho, na karo yake analipa upya. Ndipo linapozuka wazo ambalo karibu kila mwanafunzi aliyefeli hupewa na rafiki, binamu au mzee wa jumuiya: usilirudie somo kwa bei ya chuo kikuu, lisome likizo ya kiangazi kwenye chuo cha jamii kilicho karibu na nyumbani, kisha uyahamishe matokeo. Ushauri huu umewaokoa baadhi ya wanafunzi na umewaumiza wengine, na waliosalimika si lazima wawe wamesoma kwa bidii zaidi kuliko walioumia. Tofauti imetokana na jambo moja la kihesabu, ambalo ni rahisi kulieleza lakini mara nyingi halielezwi kwa wakati: chuo kikuu kinapopokea somo kutoka chuo kingine, kwa kawaida kinachukua krediti zake, yaani vipimo vya ukubwa wa somo, na kuiacha gredi nje.

Kabla ya kuingia kwenye hesabu hiyo, jina lenyewe linahitaji ufafanuzi. Chuo cha jamii cha Marekani si chuo cha maendeleo ya jamii, ambako Tanzania inawafundisha maofisa wa maendeleo ya jamii, wala si chuo cha maendeleo ya wananchi. Ni chuo cha umma, kwa kawaida cha miaka miwili, kilichowekwa karibu na watu na chenye mlango mpana: mwombaji aliyemaliza sekondari kwa kawaida hupokelewa bila kushindanishwa. Kikongwe kati ya vile vya umma ni Joliet Junior College cha jimbo la Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1901, na leo nchi nzima ina vyuo vya aina hii takriban 1,000, California peke yake ikiwa na 116. Ndani yake kuna mafunzo ya ufundi, uuguzi, Kiingereza kwa wahamiaji, na pia masomo yale yale ya mwaka wa kwanza na wa pili yanayofundishwa vyuo vikuu, kama vile kalkulasi, kemia ya jumla, takwimu, uandishi na historia. Bei ndiyo kivutio kikubwa. Katika vyuo vya jamii vya California, mkazi wa jimbo hulipa dola 46 kwa krediti moja, kwa hiyo somo la krediti 4 linamgharimu dola 184 bila vitabu. Kwa familia inayohesabu kila shilingi, nafuu hiyo ni kubwa.

Hesabu ya GPA

GPA ni wastani wa gredi zote za mwanafunzi. Kila somo lina krediti zake, na kila gredi ina thamani yake: A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, na F ni sifuri. Pointi za gredi zinazidishwa kwa krediti za somo, matokeo ya masomo yote yanajumlishwa, na jumla hiyo inagawanywa kwa krediti zote zilizosomwa kwa gredi. Maumivu ya F yako kwenye kugawanya. Haiongezi pointi hata moja, lakini krediti zake zinahesabiwa kwenye kigawanyo muhula baada ya muhula, hadi siku ya kuhitimu.

Tumchukue mwanafunzi wa uhandisi aliyemaliza mwaka wa kwanza akiwa amesoma krediti 30. Katika krediti 26 amefaulu na kukusanya pointi 72. Krediti 4 zilizobaki ni za kalkulasi ya kwanza, na humo amepata F. GPA yake ni 72 kugawanya kwa 30, yaani 2.40. Sasa tuseme amelirudia somo hilo na kupata B, ambayo kwa krediti 4 ni pointi 12. GPA yake itakuwa ngapi? Jibu linategemea mahali alipolirudia na kanuni za chuo kikuu chake.

Akilirudia kwenye chuo kikuu chake, na chuo hicho kikawa na kanuni ya gredi mpya kushika nafasi ya ile ya zamani, pointi zinakuwa 84 na kigawanyo kinabaki 30, kwa hiyo GPA inapanda hadi 2.80. F haitoweki kwenye transkripti, yaani rekodi rasmi ya matokeo, kwa maana mtu yeyote anayeisoma ataiona, ila imeondolewa kwenye hesabu. Vyuo vingi vina kanuni ya namna hii, na karibu vyote vinaiwekea mpaka. UCLA, kampasi ya University of California iliyoko Los Angeles, kwa mfano, inamruhusu mwanafunzi wa shahada ya kwanza kufaidika nayo kwa krediti 16 za mwanzo anazozirudia, na baada ya hapo gredi zote mbili zinahesabiwa. Akilirudia kwenye chuo kikuu kisicho na kanuni hiyo, au akiwa ameshamaliza kiwango chake, F na B zote zinaingia: pointi 84 kugawanya kwa 34, GPA 2.47.

Akilirudia kwenye chuo cha jamii, GPA yake ya chuo kikuu inabaki 2.40. Hata angepata A, ingebaki 2.40. Kilichobadilika ni kwamba krediti alizofaulu zimetoka 26 na kufika 30, na mlango wa kalkulasi ya pili umefunguka. Katika mfumo wa University of California, mathalani, GPA inakokotolewa kwa masomo yaliyosomwa ndani ya mfumo huo pekee, na kalkulasi iliyosomwa chuo cha jamii cha mtaa wa pili inaingia kama krediti tupu. Ipo mifumo michache ya majimbo ambamo vyuo vya jamii na vyuo vikuu viko chini ya usimamizi mmoja na gredi huvuka kutoka kimoja hadi kingine, lakini mwanafunzi asidhani chuo chake kiko miongoni mwa hiyo mpaka asome kanuni yenyewe kwa macho yake.

Nimelirefusha jambo hili kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Fikiria mwanafunzi mwenye krediti 40 na pointi 74, ambaye GPA yake ni 1.85. Vyuo vingi humweka aliye chini ya 2.0 kwenye uangalizi, na asipopanda kwa muda aliopewa huondolewa. Ana F moja ya krediti 3. Akienda chuo cha jamii kiangazi kizima, akaamka alfajiri, akapata A, atarudi Septemba akiwa na GPA ileile ya 1.85 na barua ya onyo ileile. Lau angelirudia somo hilo kwenye chuo chake chenye kanuni ya kubadilisha gredi, akapata B ya kawaida, pointi zingekuwa 83 kwa krediti 40, GPA ingegusa 2.08, na uangalizi ungeisha. Mtu huyu alihitaji kuokoa GPA, na chuo cha jamii hakina uwezo huo. Kumpeleka huko ni kumpotezea kiangazi chake na pengine nafasi yake ya chuo, na mtu anayempa ushauri huo bila kumuuliza kwanza GPA yake anabeba dhamana kubwa.

Mambo ambayo chuo cha jamii kinayafanya vizuri

Hata hivyo, kuna wanafunzi wengi ambao tatizo lao si GPA. Mwanafunzi wa uhandisi mwenye 2.40 hayuko hatarini kufukuzwa. Hatari yake ni kwamba bila kalkulasi ya kwanza hawezi kusoma ya pili, bila ya pili fizikia inamgomea, na mnyororo huo unaweza kumchelewesha mwaka mzima, hasa pale ambapo somo linalofuata hufundishwa muhula mmoja tu wa mwaka. Kwake yeye, kiangazi cha wiki nane kwenye chuo cha jamii kina thamani kuliko pointi chache za GPA. Anaporudi chuoni anaingia darasani na wenzake.

Kuna pia suala la ufundishaji wenyewe, ambalo halionekani kwenye karatasi yoyote. Kalkulasi ya mwaka wa kwanza kwenye chuo kikuu kikubwa cha umma hufundishwa katika ukumbi wa mamia ya watu, huku maswali yakijibiwa na wasaidizi ambao nao ni wanafunzi wa shahada za juu. Chuo cha jamii mara nyingi kina darasa la watu wachache, na mwalimu wake ameajiriwa kufundisha, si kufanya utafiti. Kwa kijana aliyefeli kwa sababu alikuja na mapengo kutoka sekondari, au kwa sababu Kiingereza cha mhadhara kilimpita kwa kasi mwaka wake wa kwanza, darasa la namna hii linaweza kuwa mahali pa kwanza anapolielewa somo badala ya kulivumilia. Jambo hili lina uzito hata kwa mtu anayeitafuta GPA, kwa sababu kalkulasi ya pili ataisomea kwenye chuo kikuu chake, na gredi ya huko ndiyo itakayohesabiwa.

Kundi jingine ni la walioondolewa chuo. Vyuo vikuu vingi, vinapomfikiria mwanafunzi anayeomba kurudishwa, hutaka kuona ushahidi kwamba mambo yamebadilika, na muhula mmoja au miwili ya gredi za B na A kutoka chuo cha jamii ni ushahidi unaokubalika. Hapo gredi inasomwa kwa macho ya kamati, ingawa haitaingia kwenye hesabu ya GPA. Aliyedisko nyumbani mara nyingi hulazimika kuomba chuo upya na kuanza mwaka wa kwanza. Marekani imeacha njia hii ya kurudi ikiwa wazi, na nadhani ni mojawapo ya mambo ya heri katika mfumo wao.

Aliyepata D yuko katika hali ya peke yake na anapaswa kuwa mwangalifu. D katika vyuo vingi inatoa krediti, ila haitoshi kwa somo la fani yake wala kuingia somo linalofuata. Akilirudia chuo cha jamii hapati krediti za pili, kwa kuwa krediti za somo moja hazitolewi mara mbili, na pointi 1 ya ile D inabaki kwenye GPA. Anachoweza kupata ni kutimiza sharti la fani tu, ikiwa idara itakubali.

Vizuizi vinavyojitokeza njiani

Kizuizi cha kwanza hutokea kabla mwanafunzi hajalipa hata senti: vipo vyuo vikuu vyenye kanuni kwamba somo lililofeliwa hapo lirudiwe hapo hapo. Katika vyuo hivyo, krediti za nje kwa somo hilo zinakataliwa moja kwa moja. Kanuni hii huwa imeandikwa kwenye kitabu cha mwongozo cha chuo, katika sehemu ya kurudia masomo au ya uhamisho wa krediti, na mara nyingi ni sentensi moja tu katikati ya ukurasa.

Cha pili ni kulinganisha masomo. Majina yanaweza kufanana na yaliyomo yakatofautiana, kwa mfano kalkulasi ya wanafunzi wa biashara na kalkulasi ya wahandisi, au biolojia yenye maabara na isiyo na maabara. Baadhi ya majimbo yamerahisisha kazi hii. Texas ina mfumo wa namba za pamoja, ambamo kalkulasi ya kwanza ni MATH 2413, na tarakimu ya pili, yaani 4, ndiyo idadi ya krediti. Florida nayo ina namba za jimbo zima, na kalkulasi ya kwanza huko ni MAC 2311. California ina tovuti ya umma iitwayo ASSIST, inayoonyesha somo lipi la chuo kipi cha jamii linakubaliwa kuwa sawa na lipi katika kila kampasi ya vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Anayesoma jimbo moja na kurudi kwa wazazi jimbo jingine wakati wa kiangazi hana msaada huo, na itambidi apeleke muhtasari wa somo kwa msajili au kwa idara ili ulinganishwe.

Kuna pia ngazi ya somo. Chuo cha jamii kinaishia mwaka wa pili, kwa hiyo aliyefeli somo la mwaka wa tatu au wa nne kwa kawaida hatalipata huko. Kemia ya kaboni ni mfano mgumu, maana vyuo vingine vinaihesabu kuwa ya mwaka wa pili na vingine ya mwaka wa tatu, na hapo jina la somo halisaidii chochote. Aliyekaribia kumaliza akumbuke vilevile kwamba vyuo vikuu vingi vinataka krediti za mwisho, mara nyingi 30, zisomwe ndani ya chuo chenyewe.

Gredi haiingii GPA, lakini ina kiwango cha chini ili krediti zipokelewe, na kiwango hicho kwa kawaida ni C. C iliyopungua, ile yenye alama ya kutoa, inakataliwa na vyuo vingi. Na pale chuo kimoja kinapotumia mihula miwili kwa mwaka na kingine mihula ya robo mwaka, krediti zinabadilishwa kwa uwiano wa 1 kwa 1.5. Krediti 5 za robo mwaka zinakuwa 3.33 tu za muhula wa kawaida, na mwanafunzi aliyefeli somo la krediti 4 anajikuta sharti la somo amelitimiza huku sehemu ya krediti bado ikimkalia deni. Pengo hilo hulipwa kwa somo jingine dogo, lakini ni afadhali alijue mapema kuliko kuligundua muhula wa kuhitimu.

Fedha, viza, na wale wanaotaka udaktari

Kwa wakazi wa kudumu na raia wanaopata msaada wa serikali ya shirikisho, kuna kipimo cha pili ambacho hakitazami GPA pekee, nacho ni mwendo wa masomo. Vyuo vingi vinamtaka mwanafunzi awe amefaulu angalau asilimia 67 ya krediti zote alizojiandikisha, na shahada nzima isizidi asilimia 150 ya urefu wake, maana yake krediti 180 kwa shahada ya krediti 120. Hapa chuo cha jamii kinaweza kusaidia kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Mwanafunzi aliyejiandikisha krediti 30 na kufaulu 19 ana asilimia 63, na yuko chini ya mstari. Akihamisha krediti 4 kutoka chuo cha jamii, zinahesabiwa pande zote mbili, anakuwa na 23 kati ya 34, karibu asilimia 68, na amevuka. Msaada unaweza kuendelea, iwapo GPA yake nayo inatosha.

Kuulipia huo muhula wa kiangazi kwa msaada wa serikali ni jambo jingine. Kwa kawaida vyuo viwili havimpi mtu mmoja msaada wa shirikisho kwa kipindi kimoja, na mgeni wa kiangazi ambaye shahada yake iko kwingine hahesabiki kuwa mwanafunzi wa chuo cha jamii kwa ajili ya fedha hizo, isipokuwa vyuo vyote viwili viwe vimetia saini makubaliano maalumu yanayokiacha chuo kikuu kiendelee kulipa. Makubaliano hayo huombwa kwenye ofisi ya msaada wa fedha wiki nyingi kabla. Akilirudia somo alilofeli kwenye chuo kikuu chake, kwa upande mwingine, msaada wa shirikisho unaruhusiwa kulilipia, kwa hiyo ile tofauti kubwa ya bei inaweza kuwa ndogo kuliko inavyoonekana. Ni vizuri kupiga hesabu zote mbili kwa karatasi.

Mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi wa kigeni, hana msaada wa shirikisho na kwa kawaida halipi bei ya mkazi. Zile dola 46 za California si zake, kwani juu yake kuna ada ya asiye mkazi inayoweza kufika mamia ya dola kwa kila krediti, na mzazi aliyeko Mwanza au Eldoret aambiwe hivyo mapema. Zaidi ya fedha kuna sheria. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye viza hiyo anatakiwa kusoma angalau krediti 12 kila muhula wa kawaida, na somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti 3, ndilo linaloweza kuhesabiwa ndani ya hizo 12. Anaruhusiwa kusoma vyuo viwili kwa pamoja mradi jumla ifikie kiwango, chuo cha pili kiwe na kibali cha kupokea wanafunzi wa kigeni, na ofisi ya wageni ya chuo kilichomtolea I-20, fomu inayomwezesha kuomba viza hiyo, iwe imeridhia. Wakati wa likizo ya mwaka, ambayo kwa wengi ni kiangazi, halazimiki kusoma, na ndiyo maana kiangazi ni salama zaidi kwake. Jambo ambalo ningeomba kila mwenye F-1 alishike ni hili: usijiondoe kwenye somo katikati ya muhula ukiogopa F, ukashuka chini ya krediti 12, kabla hujazungumza na ofisa wa wanafunzi wa kigeni. F inarekebishika kwa muda. Kupoteza hadhi ya uhamiaji ni jeraha la aina nyingine kabisa.

Wanaolenga udaktari, sheria au uuguzi wanatazamwa kwa jicho jingine. AMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vingi vya udaktari, unadai transkripti kutoka kila chuo ambacho mwombaji amewahi kusoma, na unakokotoa GPA yake wenyewe ukiingiza kila gredi. Kwa mwanafunzi wetu wa awali, ile F na ile B ya chuo cha jamii zote zinaingia, na anapata 2.47 hata kama chuo kikuu chake kinaendelea kuandika 2.40, au hata kama alilirudia kwenye chuo kikuu chake na chuo kikaandika 2.80. AACOMAS, unaoshughulikia vyuo vya udaktari wa osteopathi, ulikuwa ukiruhusu gredi mpya ishike nafasi ya ya zamani, lakini utaratibu huo ulikoma mwaka 2017. Wanaoomba vyuo vya sheria hukutana na hesabu inayofanana na hiyo. Kwa hiyo gredi ya chuo cha jamii ambayo mshauri alisema haihesabiwi inaweza kufufuka miaka minne baadaye, kwa heri au kwa shari, na F ya pili iliyopatikana huko haifichiki. Katika uuguzi, fani ambayo Wakenya wengi waliohamia Marekani wameichagua, vyuo vingi vinaweka kikomo cha mara ambazo anatomia na fiziolojia zinaweza kurudiwa, na jaribio la chuo kingine linaweza kuhesabiwa kuwa mojawapo.

Kulitekeleza

Aliyeyapima yote hayo na kuona kwamba chuo cha jamii kinamfaa, kazi yake ya kwanza ni kupata idhini kwa maandishi kutoka chuo kikuu kabla ya kujiandikisha popote. Neno la mdomo la mshauri wa masomo halitoshi, hata awe mkarimu kiasi gani, kwa sababu anayeingiza krediti kwenye kumbukumbu ni ofisi ya msajili. Florida ina fomu rasmi ya mwanafunzi wa kupita, inayojazwa mtandaoni na kupitishwa na vyuo vyote viwili. Kwingineko kila chuo kina fomu yake. Baada ya hapo anaomba chuo cha jamii kama mgeni asiyetafuta shahada huko, na mara nyingi atatakiwa kuonyesha transkripti ili athibitishe kwamba amesoma masomo yanayotangulia.

Kasi ya kiangazi isidharauliwe. Kanuni ya shirikisho inachukulia kwamba krediti moja ni saa moja ya darasani na angalau saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa takriban wiki 15. Somo la krediti 3 ni saa 135 kwa jumla. Likibanwa kwenye wiki 6, linakuwa saa 22 na nusu kila wiki, na somo la krediti 4 linapanda hadi saa 30. Aliyefeli kalkulasi kwa sababu alikuwa akifanya kazi usiku hatakiwi kuirudia kwa mwendo huo huku akiendelea na kazi ile ile. Afadhali asubiri muhula wa kawaida.

Gredi ikitoka, hakuna mtu atakayeituma kwa niaba yake. Ni lazima aagize transkripti rasmi itoke chuo cha jamii moja kwa moja hadi kwa msajili wa chuo kikuu, na akiwa anadaiwa hata ada ndogo ya maktaba huenda ikazuiliwa. Muhula wa kiangazi huisha Agosti mwanzoni, na chuo kikuu kinaweza kufungua mwishoni mwa mwezi huo huo, kwa hiyo wiki mbili za uzembe zinatosha kumfungia nje ya kalkulasi ya pili. Kisha afungue kumbukumbu zake na kutazama somo limeingizwa kwa jina gani. Wakati mwingine krediti zinaingia kama somo la hiari lisilo na jina, ambalo linaongeza jumla lakini halitimizi sharti la fani wala halifungui somo linalofuata. Akiona hivyo, aende idarani siku hiyo hiyo na ile idhini ya maandishi mkononi, pamoja na muhtasari wa somo na mitihani aliyoifanya, aombe liandikwe upya kwa jina lake.